Picha ya kuazima, namba ya kweli: uchambuzi wa tangazo moja la huduma ya mwenza Dodoma

Umri, kazi ya mchana na maeneo ya wahusika vimebadilishwa. Mpangilio wa matukio, aina ya makosa na sababu zake vimeachwa kama vilivyokuwa. Mhusika mkuu anaitwa Bi M.

Mazingira

Bi M ana miaka 31, anaishi Dodoma mjini, ana mtoto mmoja, na mchana ni fundi cherehani. Jioni hutoa huduma ya mwenza kwa watu wazima: kukaa na mgeni mezani wakati wa chakula, kumsindikiza kwenye hafla ambayo hapendi kuingia peke yake, au kumwonyesha mji. Ni saa mbili hadi nne, mahali penye watu, na huduma inaishia hapo.

Wateja hawakosekani. Bunge la bajeti huleta watu kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Ofisi za Mji wa Serikali Mtumba huita wakandarasi, wahasibu na watu wa semina mwaka mzima. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kuja kwa siku moja tu, na wengi hawana mwenyeji.

Kwa kuwa hakuwa mzoefu wa matangazo, Bi M alikubaliana na dalali wa mtandaoni mwenye chaneli ya Telegram. Dalali angeandika tangazo, angetafuta picha, na angechukua asilimia 30 ya kila malipo ya awali. Alimwomba Bi M picha ya kitambulisho chake cha NIDA "kwa ajili ya uhakiki". Akapewa, pande zote mbili.

Tangazo la kwanza

Lilisomeka hivi, mtaa na namba vikiwa vimeondolewa:

*"Mrembo mpya Dodoma. Miaka 23, mwanafunzi wa chuo. Nipo [mtaa]. Huduma zote, bei maelewano. Piga au WhatsApp [namba]."*

Chini yake ziliwekwa picha tatu za mwanamke mwingine kabisa, zilizochukuliwa kwenye ukurasa wa mtu anayeishi mkoa mwingine. Bi M aliziona kabla hazijatoka. Hakupinga, kwa sababu aliona zinamlinda: mtu wa kwaya au mzazi wa shuleni akipita hapo, asingemtambua.

Katika tangazo zima kweli zilikuwa mbili, mtaa anaoishi na namba anayotumia kila siku. Hizo ndizo zilizopaswa kufichwa. Yale ambayo mteja alikuwa na haki ya kuyajua kabla ya kutoa hela, yaani sura, umri, bei na mipaka ya huduma, yote yalikuwa ya uongo au hayakuwepo.

Yaliyotokea

Mteja wa kwanza wa maana alitokea siku ya nne. Wakakubaliana saa tatu za chakula cha jioni kwa shilingi 150,000, malipo ya awali 50,000. Mteja akatuma kwa simu, na kama ilivyo kwa muamala wowote, kabla hajathibitisha lilimjia jina la mwenye laini: majina matatu kamili ya Bi M, yaleyale ya NIDA. Aliyatafuta Facebook hapohapo na kupata picha za kwaya. Sura haikufanana na ya tangazo. Alinyamaza, akaenda hotelini kuhakikisha.

Mezani ugomvi ulianza kabla maji hayajaletwa. Mteja alidai hela yake. Bi M alijibu kwamba sehemu imeshakwenda kwa dalali, na kwamba yeye amefika kama walivyokubaliana. Mteja aliondoka, na usiku huo akatuma picha ya kwaya ikiwa na majina matatu chini yake na ujumbe mmoja: *"Nirudishie yangu au kesho kanisa zima linajua."*

Asubuhi Bi M alirudisha 50,000 na ya kutolea. Saa mbili baadaye mteja alidai 300,000 "za usumbufu". Bi M akatuma 100,000. Jioni mteja akadai tena.

Wiki hiyohiyo mwenye picha alipata habari. Mtu aliyemfahamu alikuta tangazo, akamtumia skrinshoti, naye akaenda polisi katika mkoa wake. Tangazo halikuwa na jina la dalali wala namba yake. Lilikuwa na namba ya Bi M, na Bi M ndiye aliyepigiwa simu na askari. Dalali alipoulizwa alifuta tangazo, akafuta na mazungumzo yake yote na Bi M kwa pande zote mbili. Telegram inaruhusu hilo.

Jambo jingine lilikuwa linaendelea polepole bila Bi M kujua. Dalali alikuwa amemfungulia ukurasa wa biashara kwenye mtandao mwingine kwa namba ileile. Mtandao huo husoma orodha za simu za watu na kuwapendekezea kurasa za namba walizonazo. Dada yake mkubwa alipendekezewa ukurasa huo siku ya sita.

Maamuzi na sababu zake

*Kurudisha hela.* Ulikuwa uamuzi sahihi, ila ulipaswa kufanyika palepale mezani. Mteja alilipia mtu wa pichani, akaletewa mwingine. Hata kama Bi M alifika kwa wakati na kwa heshima, alichouza sicho alicholeta. Suala la asilimia 30 lilikuwa kati yake na dalali, mteja halikumhusu.

*Kutuma 100,000.* Hili lilikuwa kosa kubwa kuliko yote ya wiki hiyo. Alitumaini kununua ukimya. Anayetishia kutoa siri akilipwa mara moja hujua mambo mawili: kwamba siri ina thamani, na kwamba hela ipo. Siri yenyewe anabaki nayo, kwa hiyo atarudi. Hapa alirudi baada ya saa tisa.

*Kuhifadhi ushahidi.* Kwa ushauri wa rafiki yake, kabla ya kumfungia mteja Bi M alifanya yafuatayo. Alipiga skrinshoti za vitisho zikionyesha namba, tarehe na saa. Hakuishia kwenye jina alilolihifadhi mwenyewe, alifungua maelezo ya mwasiliani ili namba yenyewe ionekane. Alisafirisha mazungumzo yote ya WhatsApp kama faili na kujitumia kwa barua pepe. Alihifadhi jumbe za miamala zenye namba za kumbukumbu. Ya dalali hakuyawahi, na hilo liliuma baadaye. Mazungumzo ya Telegram yahifadhiwe siku yanapofanyika, kwa sababu upande mmoja unaweza kuyafuta kwa wote wawili.

*Kwenda polisi.* Alisita siku mbili, akihofu kwamba yeye ndiye atakayeshikiliwa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na maneno "huduma zote" yalilipatia tangazo sura ya biashara ambayo Kanuni ya Adhabu inaiangalia kwa jicho kali, hasa kwa anayeishi kwa mapato ya ukahaba wa mwingine. Kwa hiyo alimtafuta kwanza msaidizi wa kisheria, wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wakaandika maelezo ya ukurasa mmoja yenye tarehe, kisha wakaenda pamoja Dawati la Jinsia na Watoto. Maelezo hayakuficha suala la picha. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote: aliyeanza kwa kukiri sehemu yake alisikilizwa alipoeleza vitisho. Kudai mali kwa vitisho ni kosa, na kifungu cha 23 cha sheria hiyohiyo ya mtandao kinagusa anayetuma ujumbe ili kumtisha au kumsumbua mtu. Kosa la kuazima picha halimpi mteja ruhusa ya kutisha.

*Kumwandikia mwenye picha.* Hakupiga simu. Alituma ujumbe kupitia askari aliyekuwa anashughulikia lalamiko:

*"Dada, shikamoo. Mimi ndiye mwenye namba iliyokuwa kwenye tangazo lenye picha zako. Picha hazikuwekwa na mimi lakini niliziona nikanyamaza. Tangazo limeshatolewa. Ukihitaji maelezo yangu kwa maandishi dhidi ya aliyeziweka, nitakupa. Naomba unisamehe."*

Hakuna neno la kujitetea baada ya "nikanyamaza". Ndiyo maana ulipokelewa.

Matokeo

Mteja aliitwa kituoni na akaacha. Kabla ya hapo alikuwa ameshaweka picha ya kwaya kwenye kundi moja la WhatsApp, ikakaa siku mbili hadi msimamizi alipoifuta. Dada mkubwa aliuliza, akaambiwa ukweli, wakakorofishana, sasa wanaongea. Mama yao hajaambiwa.

Mwenye picha aliondoa lalamiko dhidi ya Bi M na kulielekeza kwa dalali. Namba ya dalali ilikutwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine asiyejua lolote, na ufuatiliaji ukakwamia hapo. Zile 100,000 hazikurudi.

Bi M alirudi sokoni baada ya miezi miwili, bila dalali.

Kuficha na kudanganya

Kisa hiki kingeisha kwa hasara ndogo kama Bi M angetenganisha mambo haya mawili. Mtoa huduma ana haki ya faragha, Katiba yenyewe inaitambua katika ibara ya 16, na hakuna mteja anayestahili kujua jina lake la ubatizo, mtaa wake au shule ya mtoto wake. Kunyamaza juu ya hayo hakumdhulumu mtu. Kumwonyesha mteja sura ya mwingine ni kumwuzia kitu ambacho hakipo, na zaidi ya hapo kunamchukua mtu wa tatu asiyehusika na kumweka mbele ya wageni. Katika wahusika wote wa kisa hiki, mwenye picha ndiye pekee ambaye hakufanya lolote, na jina lake ndilo lililohojiwa na majirani.

Uongo pia haukumficha. Ulimlinda dhidi ya mpita njia, lakini mpita njia hana shida. Mwenye shida ni yule aliyelipa, na huyo alipata majina matatu kwa bure kutoka kwenye muamala.

Umri wa uongo una ubaya wake wa pekee. Kutoka 31 hadi 23 kunaonekana kama chumvi ya biashara. Lakini "mwanafunzi", "kabinti", "mdogo mdogo" na maneno ya jinsi hiyo huwaita watu wanaowinda watoto, na katika mji wenye vyuo kama Dodoma huwafanya wasichana wa vyuoni wasumbuliwe na watu waliosoma matangazo ya namna hiyo. Yasitumike kamwe, hata na mwenye miaka 18 na siku moja.

Tangazo la pili, neno kwa neno

*"Mwenza wa chakula cha jioni na hafla, Dodoma mjini. Mwanamke, miaka 30 na kitu. Mazungumzo, kusindikiza, kutembea mji. Mahali penye watu tu. Siendi chumbani wala nyumbani. Saa mbili 100,000, kila saa ya ziada 40,000, chakula na usafiri juu ya mteja. Malipo ya awali 30,000, hurudishwa yote ukiahirisha saa sita kabla, au mimi nisipofika. Picha ni zangu, za mwaka huu, uso nimeuficha kwa makusudi. Utaniona kwa simu ya video kabla ya kulipa. Ujumbe tu, sipokei simu za kawaida."*

Kila sentensi imezuia ugomvi fulani. "Miaka 30 na kitu" ni kweli isiyotoa tarehe ya kuzaliwa. "Siendi chumbani" imepunguza ujumbe, na waliopungua ni wale ambao wangefika mezani na matarajio mengine. "Uso nimeuficha kwa makusudi" inamwambia mteja kwamba kuna kitu hakioni na kwa nini. Sharti la kurudisha hela limeandikwa kabla ya ugomvi, kwa hiyo hakuna anayelitunga wakati ana hasira.

Simu ya video ni ya dakika moja, na Bi M huipokea akiwa na pazia jeupe nyuma. Kuna hatari ya kurekodiwa, haiwezi kuondolewa yote. Kwa hiyo havai sare ya kwaya wala kitu anachovaa kwenye picha za familia, na hataji jina lolote.

Picha

Seti ya kwanza ya picha zake mwenyewe ilibidi itupwe. Moja ilipigwa dirishani na minara ya Msikiti wa Gaddafi ilionekana kwa mbali. Kwa mwenyeji wa Dodoma, pembe ile inatosha kukadiria mtaa. Nyingine ilikuwa mbaya zaidi: nyuma ya bega kilionekana kibao cha anwani ya makazi, kile chenye namba ya nyumba na jina la barabara. Vibao hivi vimebandikwa nchini kote, na anayejua namba na barabara anaongozwa na simu hadi mlangoni.

Utaratibu aliouzoea sasa: ukuta mtupu au pazia, nguo ambayo haimo kwenye picha nyingine yoyote mtandaoni, picha mpya ambayo haijawahi kuwa ya wasifu wala ya stori, kwa sababu utafutaji wa picha kwa Google Lens huunganisha picha ileile popote ilipo. Mahali pazimwe kwenye mipangilio ya kamera, kwani faili la picha linaweza kubeba alama za GPS. WhatsApp na Telegram huziondoa picha ikitumwa kama picha, lakini ikitumwa kama faili zinabaki. Uso uzibwe kwa mraba wa rangi kamili, si kwa kalamu ya kupakia. Ile kalamu pana ya simu huwa inapitisha mwanga, na mtu akiongeza mng'ao sura inarudi. Baada ya kuziba, ipigwe skrinshoti, na skrinshoti ndiyo itumwe.

Picha zilizotishiwa hapa zilikuwa za kwaya, zenye heshima zake. Kama tishio lingehusu picha za faragha za mwili, huduma ya StopNCII.org humsaidia mwenye miaka 18 na zaidi: simu yake hutengeneza alama ya kidijitali ya picha, picha yenyewe haitoki kwenye simu, na mitandao shiriki kama Facebook, Instagram na TikTok hutumia alama hiyo kuizuia.

Namba na malipo

Alinunua laini ya pili. Laini hiyo nayo imesajiliwa kwa NIDA yake na kwa alama za vidole, kwa hiyo haimfichi kwa polisi, wala haitakiwi kumficha. Inamtenga na shule, kwaya na ndugu. Mambo matatu huiharibu haraka. La kwanza ni kuihifadhi kwenye simu za rafiki kwa jina halisi, kwa sababu programu kama Truecaller hujengwa kwa orodha za simu za watu. La pili ni kuruhusu mtandao wa kijamii kusoma orodha ya mawasiliano. La tatu ni kupokea hela kwa laini hiyo, kwani majina matatu yatatokea vilevile.

Hela sasa huingia kwa lipa namba yenye jina la biashara yake ya ushonaji. Mteja huona jina la biashara, haoni la mtu. Kinga hii ina mpaka: jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, lina mmiliki kwenye daftari, na mwenye nia anaweza kuliulizia. Inazuia udadisi wa dakika tano, na udadisi wa dakika tano ndio uliomponza.

Faragha ya mteja nayo haikuachwa. Kabla ya kutoka, Bi M humwachia rafiki mmoja namba ya mteja, mahali na saa ya kurudi. Akisharudi salama, rafiki anafuta. Picha za vitambulisho vya wateja haziombi tena. Dalali alikuwa akizikusanya, pamoja na mahali pa kazi, na hakuna ajuaye ziko wapi leo. Anayekusanya taarifa za watu kwa biashara anaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na aliyeumizwa anaweza kulalamika kwa Tume iliyoundwa na sheria hiyo.

Kilichobaki mikononi mwa dalali

Tangazo linafutika, laini inabadilishwa, lakini picha ya kitambulisho cha NIDA ikishatoka haiwezi kurudishwa. Bi M alipiga *106#, inayoonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na kukuta laini moja asiyoijua imesajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Alikwenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni ya simu, akathibitisha kwa alama za vidole, ikafutwa, na akaomba uthibitisho wa maandishi ili siku laini hiyo ikitajwa kwenye utapeli awe na tarehe ya kuonyesha.

Bi M hurudia *106# kila mwanzo wa mwezi. Na kwa anayelazimika kumtumia dalali: kitambulisho kionyeshwe ana kwa ana kisha kirudi mfukoni. Akisisitiza nakala, iandikwe katikati kwa kalamu nzito, juu ya namba na picha, jina la anayepewa, tarehe na kazi inayokusudiwa. Nakala iliyochorwa hivyo ni ngumu kutumika kwingine, na dalali anayeikataa amekupa jibu kabla hujampa kazi.